Kesi Huanzia Matangani: Mwongozo Kamili wa Kudai Fidia ya Kifo kwa Watu wa Malindi na Lamu

Kaka yangu aligongwa asubuhi kwenye barabara ya Malindi kwenda Mombasa, na baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Siku ya tatu, khitma haijaisha, akaja mtu aliyetumwa na mwenye gari. Alikuja kwa adabu, akavua viatu, akakaa mkekani na wanaume, kisha akatoa bahasha ya ubani pamoja na karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Ami yangu ni mzee asiyependa kumkatalia mgeni msibani, akatia sahihi. Karatasi ilisema familia imeridhika na haina madai yoyote. Kuipangua karatasi ile mahakamani kulituchukua zaidi ya mwaka.

Tangu hapo nimeandamana na familia nyingi, za Malindi, Watamu na Gongoni, na upande wa Lamu hadi Mpeketoni, kuanzia kaunta ya polisi mpaka siku ya hukumu. Nilichokiona ni kwamba nyingi ya kesi hizi haziharibikii mbele ya hakimu. Huharibikia matangani, wiki ile ya kwanza, kila mtu analia na hakuna aliyeshika karatasi. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye siku zile, na mengine nitayapita haraka.

Wiki ya kwanza

Mteueni mtu mmoja. Mjane wa Kiislamu yuko edani miezi 4 na siku 10, hawezi kuzunguka maofisini, na mama mzazi hana nguvu. Basi awe shemeji, mpwa au binamu, yeyote mwenye subira ya foleni. Anunue faili la plastiki, na asitoe karatasi halisi mkononi mwake bila kubaki na nakala.

Aende kituo cha polisi cha eneo ilikotokea ajali, si kile kilicho karibu na nyumbani. Ahakikishe tukio limeandikwa, aombe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, halafu afuatilie abstrakti ya polisi, ile karatasi ya muhtasari wa ajali. Akiipata, aisome palepale kaunta kabla ya kutoka: jina la marehemu, tarehe na mahali pa ajali, nambari ya gari, dereva, mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya bima yenyewe. Nasisitiza jina kwa sababu huku kwetu majina hututesa. Kitambulisho kinasema Mohamed, kibali cha mazishi kinasema Muhammad, cheti cha kifo kinasema Mohammed, na wakili wa upande wa pili atauliza bila haya ni watu wangapi waliokufa. Kosa likionekana mapema hurekebishwa kwa kalamu. Likionekana baada ya mwaka, mtaandika viapo.

Siku hiyohiyo atafute mashahidi. Mwuza madafu aliyekuwa ng'ambo ya barabara, vijana wa steji ya bodaboda, kondakta wa matatu iliyofuata nyuma. Aandike jina, simu, na mahali mtu anapolala, maana kijana wa bodaboda hubadilisha laini kila mara lakini nyumbani kwa mama yake hakuhami. Apige picha za alama za breki, za kona na za gari kabla halijaondolewa.

Sasa niseme jambo zito. Familia nyingi za Kiislamu huomba maiti isipasuliwe, na mimi ni mmoja wao, najua uchungu wake. Lakini kesi haiendi bila kujua mtu alikufa kwa nini. Kama aligongwa na lori mbele ya watu na majeraha yanaonekana, ripoti ya hospitali na cheti cha kifo mara nyingi hutosha. Kama alifia wodini baada ya sindano, au alikutwa majini, au alianguka kazini bila jeraha, bila uchunguzi wa maiti mnaweza kubaki mikono mitupu. Ushauri wangu ni huu: ikiwa swali la "alikufa kwa nini" lina majibu zaidi ya moja, kubalini uchunguzi. Ikiwa mmekataa kabisa, mwombeni daktari amkague marehemu kwa nje na aandike alichokiona, msiondoke mochari na neno moja tu kwamba aliletwa akiwa ameshakufa. Kisha kibali cha mazishi kipelekwe afisi ya usajili wa vizazi na vifo, ili cheti cha kifo kitoke.

Weka risiti. Ambulensi, dawa, hospitali: hizi mahakama hudai zithibitishwe shilingi kwa shilingi. Gharama za mazishi ni nafuu kidogo, kwa kuwa majaji wa Kenya wanakubali kwamba hakuna mtu anayezikwa bure, na hutoa kiasi cha wastani hata risiti zisipotimia. Hata hivyo usibweteke. Aliyevusha maiti kwa boti kutoka Mokowe hana kitabu cha risiti, basi mwandikieni karatasi, atie sahihi, jina na simu. Muuza sanda vilevile.

Na ule ubani? Pokeeni. Kuukataa si ustaarabu wetu. Lakini andikeni mistari miwili: tumepokea shilingi kadhaa kama ubani, hazihusiani na madai ya fidia. Karatasi yoyote aliyokuja nayo mgeni, mwambieni kwa heshima kwamba itasomwa na wakili baada ya matanga. Sulhu ni jambo jema katika dini yetu, ila sulhu hufanywa na wenye haki. Ami hawezi kusamehe fungu la yatima. Na kesi ikishafunguliwa, mapatano yanayogusa haki ya mtoto yanahitaji idhini ya mahakama.

Jua mlango wako

Si kila kifo huenda mahakamani moja kwa moja. Aliyefia kazini, awe mjenzi wa hoteli Watamu au mfanyakazi wa kiwanda cha chumvi, dai lake dhidi ya mwajiri hupitia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Huko hakuna haja ya kuthibitisha uzembe. Fidia ya kifo ni mapato ya miezi 96, na dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha njia hiyo, kwa hiyo usipoteze pesa kumshtaki mwajiri kwanza kortini. Aliyeuawa na tembo, nyati, kiboko au mamba, kama inavyotokea Witu na vijiji vya kando ya msitu, familia yake hujaza fomu kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Sheria ya mwaka 2013 imeweka shilingi milioni 5 kwa kifo, na dai hupitia kamati ya kaunti.

Yanayobaki, yaani ajali za barabarani, uzembe wa hospitali, boti iliyobeba kupita kiasi, nyaya za umeme zilizoachwa zikining'inia, huenda mahakama ya hakimu. Hakimu Mkuu ana uwezo wa kusikiliza dai la hadi shilingi milioni 20, hivyo ni nadra kesi yako kuanzia Mahakama Kuu. Hufunguliwa mahali ajali ilipotokea au anapoishi au kufanyia kazi mdaiwa.

Nani ana haki ya kudai

Hapa ndipo nilipoona undugu ukivunjika, basi someni pole pole. Kuna sheria mbili, na kesi moja hubeba zote mbili.

Ya kwanza ni Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32. Hii inawalipa wategemezi kwa kile walichokuwa wakikipata kwa marehemu. Wategemezi wake ni mume au mke, wazazi na watoto, wakiwemo babu, bibi na wajukuu. Kaka na dada hawamo. Nimemwona mdogo wa marehemu, aliyekuwa akilipiwa karo na marehemu huyo, akiambiwa kortini kwamba hana nafasi, akatoka analia. Ya pili ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Hii inalipa mali ya marehemu mwenyewe: maumivu kabla ya kufa, kukatizwa maisha, gharama za mazishi. Pesa hizi huingia kwenye mirathi na kugawanywa kwa warithi.

Tofauti yake ni kubwa kwetu Waislamu. Orodha ya warithi kwa Kadhi si orodha ya wategemezi wa Sura ya 32. Kaka anaweza kuwa mrithi na asiwe mtegemezi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anaweza kuwa mtegemezi ingawa kwa mirathi hana fungu. Mahakama ya Kadhi, iwe ya Malindi au ya Lamu, itawaeleza warithi na mafungu yao, lakini fidia yenyewe haidaiwi kwa Kadhi, kwa kuwa Katiba imeiwekea mahakama hiyo mipaka ya ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi.

Ili kudai kwa niaba ya mali ya marehemu ni lazima mtu awe na hati ya usimamizi kutoka mahakamani. Mawakili huchukua ile ya mpaka, iliyotolewa kwa ajili ya kesi tu. Ombi lake hubeba cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja walioachwa, na ridhaa ya wenye haki wengine. Ichukueni kabla ya kufungua kesi. Kesi ya kudai kwa niaba ya mali ya marehemu iliyofunguliwa na mtu asiye na hati ni batili tangu mwanzo, na hati ya kuja baadaye haiifufui. Nimeona dai zuri, lenye mashahidi na ripoti zote, likitupwa kwa tarehe mbili tu: hati ilitoka wiki tatu baada ya kesi kufunguliwa, na miaka mitatu ya kufungua kesi ilikuwa imekwisha. Kwa upande wa wategemezi, sheria inawaruhusu kushtaki wenyewe ikiwa miezi 6 imepita na hakuna msimamizi aliyeshtaki, lakini fungu la mirathi halipatikani kwa njia hiyo.

Barua ya chifu itaje kila mtu. Kila mke, kila mtoto, hata yule wa mke wa Mokowe ambaye nyumba ya mjini haitaki kumsikia. Akiachwa, atakuja siku ya pesa na amri ya mahakama mkononi, na atakuwa na haki.

Kuthibitisha uzembe

Mahakama ya madai haitaki uhakika wa jinai. Inapima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli. Unatakiwa kuonyesha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari, hakuichukua, kifo kikatokana na hilo, na mmepata hasara.

Kwa ajali ya barabara, fuatilieni kesi ya trafiki ya dereva. Akihukumiwa kwa kuendesha vibaya na rufaa isiyavunje matokeo, hukumu hiyo ni ushahidi kamili wa kosa lake kwa mujibu wa kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi. Mkawe pale kortini, mpate nakala ya mwenendo wa kesi. Dereva akiachiliwa, msikate tamaa, maana kipimo cha jinai ni kikali zaidi na kesi yenu bado ina uhai. Mwenye gari anathibitishwa kwa rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, na sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenyewe mpaka athibitishe vinginevyo. Mshtakini pamoja na dereva, kwa sababu dereva peke yake hana cha kulipa.

Mjiandae kuulizwa kuhusu marehemu. Alivaa helmeti? Walikuwa watatu kwenye bodaboda? Alivuka barabara ghafula? Mahakama ikiona alichangia, hukata asilimia. Shahidi wenu aseme kweli. Hakimu akigundua uongo mdogo wa helmeti, hatamwamini hata kwa mwendo wa lori.

Kwa boti, anzeni na leseni ya chombo, orodha ya abiria, idadi ya laifu-jaketi na hali ya injini. Kumbukumbu hizo zitafuteni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Majini na kwa waliookoka. Msingoje muda mrefu kwa ajali za bahari. Muoneni wakili miezi ya mwanzo kabisa. Kwa hospitali, andikeni barua ya kuomba faili lote la matibabu, haki mliyo nayo chini ya kifungu cha 35 cha Katiba, na tafuteni daktari mwingine wa fani hiyohiyo aandike maoni yake. Bila daktari anayesema kwamba huduma ilishuka chini ya kiwango, kesi ya hospitali haisimami. Malalamiko kwa baraza la madaktari yanaweza kwenda sambamba.

Kuthibitisha mapato ya mtu asiye na mshahara

Wengi wa wanaotufia hawana karatasi ya mshahara. Ni wavuvi, manahodha, wapasuaji kuni, kina mama wa viazi karai. Mawakili wa bima hupenda kusema kwamba pasipo risiti hakuna mapato. Mahakama ya Rufaa ilikwishakataa hoja hiyo mwaka 2005 katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeon Obayo, ikasema karatasi si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu.

Kaka yangu alikuwa na daftari la kurasa 40, lile la shule. Ndani aliandika kwa penseli kilo za samaki, bei, na jina la tajiri aliyenunua. Karatasi zilikuwa zimejikunja kwa chumvi na zilinuka ngalawa. Hakimu alilifungua kwa ncha za vidole, akasoma kurasa tatu, akamwuliza tajiri kama hizo ni hesabu zake. Tajiri akasema ndiyo. Daftari lile liliongea kuliko sisi sote. Tafuteni la kwenu: daftari, kitabu cha BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, risiti za karo alizolipa, mwenye boti aliyegawana naye mapato. Ikishindikana kabisa, mahakama hushika mshahara wa chini uliowekwa na serikali kwa kazi inayofanana, au hutoa kiasi cha jumla.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Chukua nahodha wa miaka 34, ana mke na watoto watatu, anapata shilingi 24,000 kwa mwezi baada ya gharama za kazi. Mara 12 ni 288,000 kwa mwaka. Hakimu anakadiria angeendelea kufanya kazi miaka mingapi, akipunguza kwa mitihani ya dunia, tuseme 20. Inakuwa 5,760,000. Mwenye mke na watoto huchukuliwa kwamba theluthi mbili zilienda nyumbani, basi tunapata 3,840,000. Kwa kijana asiyeoa anayesaidia wazazi, hesabu huwa theluthi moja. Ongeza 100,000 ambazo mahakama huzoea kutoa kwa kukatizwa maisha, 50,000 za maumivu ikiwa hakufa papo hapo, na 60,000 za mazishi. Jumla 4,050,000. Akionekana alichangia ajali asilimia 20, zinatoka 810,000 na kubaki 3,240,000.

Angalieni kiasi hicho vizuri, maana bima ya lazima ya magari haimlipi mtu mmoja zaidi ya milioni 3. Zile 240,000 za juu zitadaiwa kwa mwenye gari mwenyewe.

Muda na mwenendo wa kesi

Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na ni salama kuhesabu tangu siku ya ajali yenyewe. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu, na nawasihi mhesabu hivyohivyo kwa hospitali ya umma au gari la kaunti.

Wakili huanza na barua ya madai kwa dereva, mwenye gari na bima. Wakinyamaza, kesi hufunguliwa. Hapa pana mtego mmoja: kampuni ya bima ni lazima ipewe notisi ya kesi kabla ya kufunguliwa au ndani ya siku chache zilizowekwa na sheria baadaye. Notisi ikikosekana, mtashinda kesi na bima itakataa kulipa, kwa haki ya kisheria. Mwombeni wakili nakala ya notisi yenye mhuri wa kupokelewa, iingie kwenye faili lenu la plastiki. Mashahidi huandika taarifa zao mapema. Mjane atatoa ushahidi. Mzoezeni kusema kwa maneno yake: nani alinunua unga, nani alilipa karo, marehemu alirudi nyumbani saa ngapi na na nini mkononi.

Kuhusu wakili, msimkubali anayeletwa na dalali wa mochari au wa kaunta ya polisi. Nendeni afisini, mwone cheti chake cha kazi cha mwaka huu. Sheria ya Mawakili haikubali mkataba wa kulipwa pale tu kesi ikishinda, basi anayekuambia atachukua theluthi ya fidia mkishinda anaanza kazi kwa kosa. Ada iandikwe. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016.

Pesa zikitoka

Bima ikikaa kimya baada ya hukumu, wakili hufungua kesi ya pili fupi dhidi yake, kuomba mahakama itamke kwamba inawajibika. Msikubali kupunguziwa kwa sababu mmechoka. Hukumu inazaa riba.

Malipo hupita akaunti ya wateja ya wakili. Dai taarifa ya maandishi: kiasi kilichoingia, ada, gharama, salio. Fungu la Sura ya 32 hugawanywa kama mahakama ilivyoagiza kwa kila mtegemezi, si kwa mafungu ya mirathi. Fungu la Sura ya 26 ndilo linalokwenda kwa warithi, baada ya madeni ya marehemu. La watoto huwekwa benki kwenye akaunti yenye riba mpaka watimize miaka 18, na mlezi akitaka kulipia karo huomba mahakama. Shemeji yangu alikwenda na risiti ya shule kila Januari. Karani wa mahakama alifika mahali akamjua kwa jina, na mtoto mkubwa wa kaka yangu sasa yuko kidato cha tatu.